Kung'oa au Kuboresha Kiyoyozi cha Mustang ya 1966: Tathmini Baada ya Misimu Miwili ya Joto

Tathmini hii inahusu seti ya kuboresha kiyoyozi niliyoifunga kwenye Ford Mustang ya mwaka 1966 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, yaani takriban lita 4.7. Kabla ya kuinunua nilikaa msimu mzima wa joto bila kiyoyozi chochote, kwa kuwa nilikuwa nimeking'oa kile cha zamani nikiamini kwamba gari la umri huo hupendeza zaidi likiwa jepesi na injini yake ikiwa wazi. Ninayoyaeleza hapa, kwa hiyo, yana pande mbili: gari hili nimeliendesha bila kiyoyozi, kisha nikaliendesha likiwa na kiyoyozi kipya, kwenye barabara zile zile na katika miezi ile ile ya mwaka. Kampuni iliyotengeneza seti sitaitaja, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza huenda zilitokana na mikono yangu na si na kiwanda, na pia kwa sababu seti za aina hii hukaribiana sana kwa muundo bila kujali ni nani aliyeziuza.

Nitoe hukumu yangu mapema, ili msomaji aliye na haraka asilazimike kunifuata hadi mwisho. Seti inafanya kazi iliyoahidi, na anayelitumia gari lake mara kwa mara hatajuta kuifunga. Lakini ningemshauri aikatae seti yoyote inayomtaka atoboe au akate bodi ya gari, hata kama ubaridi wake unasifiwa namna gani. Anayelitoa gari mara chache kwa mwaka, asubuhi na mapema au jioni, ana sababu nzuri ya kung'oa na kubaki hivyo, mradi asitupe chochote.

Kiyoyozi cha Mustang za matoleo ya 1965 na 1966 hakikuwa sehemu ya dashibodi. Kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa chini yake, katikati, kikiwa na evaporeta (sehemu inayopoza hewa), feni na matundu ya kupulizia, nacho kilizungusha hewa iliyomo ndani ya gari bila kuvuta ya nje. Kwenye injini kulikaa kompresa (pampu ya kusukuma gesi) ya kampuni ya York yenye silinda mbili, ambayo pistoni zake hupanda na kushuka kama za injini ndogo, na mtikisiko wake husikika hadi kwenye usukani gari linaposimama huku injini ikiunguruma. Kuanzia toleo la 1967 kiyoyozi kiliingizwa ndani ya dashibodi. Kwa ile injini ya 289 yenye nguvu za farasi 271, iliyokuwa na nguvu kuliko zote za ukubwa huo, kiyoyozi hakikutolewa kabisa. Mnunuzi alichagua kasi au ubaridi, na jambo hilo linaonyesha kwamba mvutano tunaouzungumzia leo ulikuwapo tangu gari likiwa jipya.

Anayeudharau mtambo huu wa kuning'inizwa akumbuke ulikotoka. Packard, iliyotangulia kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani kwa toleo la 1940, iliweka evaporeta nyuma, mahali pa kuwekea mizigo, na kompresa yake haikuwa na klachi ya kuitenganisha na injini. Aliyetaka kuizima kabisa ilimbidi afungue boneti na kuvua mkanda. Ilichukua hadi 1954 kwa Nash kuuza mtambo uliokusanywa wote mbele ya gari ukiwa na klachi ya sumaku. Kisanduku cha Mustang kinasimama katikati ya safari hiyo: teknolojia yake ya upande wa injini imekwisha kukomaa, lakini chumba cha abiria bado hakijaandaliwa kuupokea mtambo. Ndiyo maana unaweza kukifungua chote kwa boliti chache na gari likabaki zima, jambo ambalo gari la miaka ya baadaye haliruhusu.

Gari liliponifikia, kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa zamani. Sili ya shafti ya kompresa ilikuwa ikivuja mafuta, hozi zilikuwa zimekakamaa hadi kupasuka kwenye maungio, na mapezi ya kondensa (sehemu ya mbele ya rejeta inayotoa joto la gesi) yalikuwa yamelala chini kwa miaka mingi ya kupigwa na kokoto na maji ya kuoshea. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa yale ya kila mtu: tutafute fundi ajaze gesi. Hapo ndipo nilipokutana na suala la R12.

R12 ndiyo gesi iliyotumika katika viyoyozi vya magari hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi gesi za jamii hiyo zinavyopanda hadi anga za juu na kuachia klorini inayoila ozoni. Mwaka 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, ikatiwa saini, na utengenezaji wake ukakomeshwa katika nchi zilizoendelea kufikia 1996 na kwingineko kufikia 2010. Kiasi kilichobaki leo ni akiba ya zamani au gesi iliyovunwa kutoka mitambo mingine. Kisheria na kimaadili hairuhusiwi kuachiwa hewani, kwa hiyo anayefikiria kung'oa kiyoyozi ambacho bado kina gesi aanze kwa fundi mwenye mashine ya kuinyonya, si kwa kulegeza nati uani. R12 ina uwezo wa kuongeza joto duniani mara 10,900 ya hewa ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. R134a iliyoirithi ina mara 1,430. Gramu mia chache zinazovuja kwa kupenda mkato si jambo dogo.

Njia ya kubaki na R12 niliifikiria kwa muda mfupi. Ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba mtambo uliobuniwa kwa ajili ya gesi hiyo hupoa vizuri zaidi unapopewa gesi hiyo hiyo, na kwa gari linalowekwa kwa ajili ya maonyesho, ambalo waamuzi hukagua hadi vibandiko vya kompresa, sioni njia nyingine. Kwangu haikuwa na maana, kwa kuwa hozi, sili na kondensa vyote vilikuwa vya kutupwa, na kutia gesi adimu katika mtambo unaovuja ni sawa na kuteka maji kwa tenga.

Njia ya pili ni ile ambayo mafundi wengi huipendekeza kwa wepesi: badilisha viungio vya kujazia, badilisha mafuta, weka R134a, maliza. Ninaelewa mvuto wake. Lakini R134a haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyotumika pamoja na R12, hivyo mafuta hayarudi vizuri kwenye kompresa yasipobadilishwa kuwa ya esta au PAG, ambayo ni mafuta ya kutengenezwa kikemia. Molekuli zake ni ndogo zaidi na hupenya kwenye mpira wa hozi za kale zisizo na utando wa nailoni ndani. Na muhimu kuliko yote, inahitaji kondensa inayofanya kazi vizuri zaidi. Joto la kondensa likifika nyuzi 60, mgandamizo wa R12 huwa karibu bari 15.2, ilhali wa R134a hufikia bari 16.8. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye foleni, mchana, kukiwa na kondensa ya mabomba mazito iliyosanifiwa miaka ya 1960 na feni inayozunguka taratibu pamoja na injini, ndiyo inayofanya matundu yatoe hewa vuguvugu na mkanda kuanza kulia. Waliofanya mabadiliko ya juu juu wakaambiwa kwamba «R134a haipozi» wamedanganywa. Gesi haina kosa, kondensa ndiyo haitoshi.

Kuhusu mchanganyiko wa propani na butani unaouzwa kama mbadala wa moja kwa moja nitasema maneno machache tu. Unapoza, ndiyo, na vizuri. Lakini evaporeta ya Mustang imekaa kati ya magoti ya dereva na ya abiria wake, na sitaki gesi ya jiko ivuje hapo.

Basi niliking'oa. Kazi yenyewe ilichukua siku mbili za mapumziko na haikuwa ngumu. Kompresa na breketi yake, kondensa, draya (chupa inayonyonya unyevu katika gesi), mabomba na kile kisanduku cha chini ya dashibodi kwa pamoja vilizidi kilo 30, na karibu uzito wote huo ulikuwa mbele ya ekseli ya mbele au juu yake. Nilichokipata kilionekana mara moja. Plagi za upande wa kompresa, ambazo awali zilinilazimisha kukunja mkono kama mtu anayetafuta sarafu nyuma ya kabati, sasa nilizifikia kwa spana ya kawaida. Rejeta ilipata upepo wake wote bila kondensa kuizuia, na geji ya joto la injini ikashuka alama moja. Mguso wa usukani ulikuwa mwepesi kidogo, ingawa hapa nakiri kwamba huenda nilihisi nilichotaka kuhisi.

Nilichokipoteza kilichukua muda kujitokeza. Wanaosema kwamba magari ya kizamani yaliendeshwa bila kiyoyozi na watu hawakufa wanasema kweli, lakini wanasahau kwamba magari mengi ya aina hiyo yalijengwa kwa ajili hiyo: yalikuwa na vioo vidogo vya pembetatu mbele ya milango vinavyogeuzwa kuingiza upepo, na milango ya hewa chini ya dashibodi yenye sili nzima. Mustang yangu ina hivyo vioo vya pembetatu, nami nilivitumia. Vinasaidia sana kuanzia mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na havisaidii lolote kwenye foleni. Joto halikuwa likitoka angani pekee. Lilitoka kwenye handaki la giaboksi, kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria ambao vizibo vyake vya mpira vilikuwa vimeoza, na zaidi ya yote kwenye hita, ambayo maji yake ya moto yaliendelea kupita hata mpini ukiwa umezimwa. Nilikuwa nikiendesha gari huku hita imewashwa bila kujua.

Ugunduzi huo ndio uliofanya msimu ule usiwe wa hasara. Niliweka vali ya kufunga maji ya hita, nikabadilisha vizibo vyote vya ukuta wa injini, nikanyanyua kapeti na kutandaza mkeka wa lami wenye karatasi ya alumini, na juu yake sponji isiyonyonya maji. Kazi hii ni ya bei ndogo kuliko zote nilizofanya kwenye gari hili na ndiyo iliyoleta tofauti kubwa zaidi kwa kila saa niliyoitumia. Sakafu ambayo awali ilichoma soli za viatu ikawa ya uvuguvugu tu. Anayejiuliza kama ang'oe au aboreshe afanye hili kwanza, kisha aendeshe gari kwa mwezi mmoja kabla ya kutoa hata senti moja kwa muuza kompresa. Huenda akagundua kwamba swali lake limejijibu, na hata asipojibiwa, kiyoyozi atakachofunga kitapigana na joto dogo zaidi.

Mimi sikujibiwa. Nikiwa na abiria mmoja mwenye shati la kazini, katika wiki ya joto kali, nilijikuta natafuta visingizio vya kuliacha gari nyumbani, na gari la kizamani lisiloendeshwa huharibika haraka kuliko linaloendeshwa: sili hukauka, petroli huchacha, breki hushika. Jambo la pili ni mvua. Kiyoyozi hukausha hewa kinapoipoza, na bila hicho vioo vyangu vilijaa ukungu kila mvua ya joto iliponyesha, hadi nikawa naendesha na kitambaa pajani. Hilo sikulifikiria kabisa nilipokuwa nikilegeza boliti.

Seti za kuboresha ziko za namna mbili kubwa, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kutulia. Namna ya kwanza huondoa hita ya awali pamoja na kiyoyozi, ikaweka nyuma ya dashibodi kasha moja linalofanya kazi zote: kupoza, kupasha joto na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, likiongozwa na mota ndogo za umeme badala ya waya za kuvuta. Kampuni kama Vintage Air ya Texas zimejipatia jina kwa mitambo ya aina hiyo, na nimewahi kukaa katika magari yaliyofungwa nayo. Hewa yake imesambazwa vizuri, na macho hayaoni chochote cha kigeni isipokuwa matundu machache. Gharama yake, mbali na fedha, ni kwamba kwa magari mengi hubidi kutoboa ukuta wa injini mahali papya, kuziba pa zamani, na wakati mwingine kupunguza kisanduku cha glavu. Kwa gari ambalo halikuwahi kuwa na kiyoyozi na ambalo mwenyewe hana nia ya kulirudisha lilivyotoka kiwandani, nisingesita. Gari langu lilitoka kiwandani na kiyoyozi cha kuning'inia, kibandiko chake kipo, na kisanduku chake kimekuwa sehemu ya sura ya ndani kwa zaidi ya nusu karne. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nilichagua namna ya pili, ambayo huacha kisanduku kionekanacho na kubadilisha kila kisichoonekana. Ndani ya boksi nilikuta kompresa ya mtindo wa Sanden yenye pistoni kadhaa zilizopangwa mduara na kusukumwa na bamba lililoinama. Kondensa ya mabomba bapa yanayopitisha gesi sambamba. Evaporeta mpya ya alumini iliyopimwa iingie katika kisanduku cha zamani. Vali ya upanuzi (inayopunguza mgandamizo wa gesi kabla ya evaporeta), draya, hozi zenye utando wa ndani, swichi ya mgandamizo, breketi na mifuko miwili ya boliti. Ubora wa kondensa na evaporeta ulinifurahisha. Mapezi yamenyooka, maungio ya alumini yamechomelewa kwa usafi. Breketi haikunifurahisha. Matundu yake mawili yalipishana na ya injini kwa karibu milimita mbili, na nilipoilazimisha puli ya kompresa ikawa haiko mstari mmoja na ya krenkishafti. Mkanda ulilia kwa siku tatu kabla sijakubali kwamba kosa si la mkanda. Vipete viwili vya chuma nyuma ya breketi vilimaliza tatizo, lakini seti ya bei hiyo ilipaswa kuja navyo, au kuja na breketi iliyochongwa sawasawa.

Maelezo ya ufungaji yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua kazi. Mchoro wa nyaya ni mdogo kuliko kiganja na haukuonyesha relei ya klachi (swichi ya umeme inayoiwasha), ingawa relei yenyewe ilikuwemo. Swichi ya mgandamizo, ambayo kiyoyozi cha awali hakikuwa nayo, imeelezwa kwa mstari mmoja tu, ilhali ndiyo kinga ya pekee dhidi ya kompresa kuendelea kuzunguka bila gesi na bila mafuta hadi iharibike. Mtu akiipita kwa kuona ni waya wa ziada, atanunua kompresa ya pili.

Hatua za mwisho ndizo zinazoamua kama fedha zimepotea au la, na hazina uhusiano na ubora wa seti. Draya ifungwe mwisho kabisa, kwa sababu punje zilizo ndani yake huanza kunyonya unyevu wa hewa mara vizibo vyake vinapotolewa. Oringi (pete za mpira za maungio) zipakwe mafuta yale yale ya kompresa. Mtambo ufungwe pampu ya vakyumu kwa dakika 45 angalau, kisha pampu izimwe na geji iachwe isimame. Ikipanda, kuna uvujaji, na kujaza gesi juu ya uvujaji ni kuahirisha tatizo. Gesi nayo ipimwe kwa mizani.

Nasisitiza mizani kwa sababu karakana niliyoipelekea gari haikuitumia. Fundi, mtu mwenye miaka mingi ya kazi, alijaza kwa kutazama kioo kidogo kilicho juu ya draya akisubiri mapovu yaishe, kama alivyofanya kwa R12 tangu ujana wake. Kwa R12 njia hiyo ilifaa. Kwa R134a mapovu huweza kubaki hata kipimo kikiwa kimetimia, na anayeyafukuza hujaza kupita kiasi. Hewa ilitoka vuguvugu, mgandamizo wa upande wa juu ukapanda, na swichi ile niliyoisifia hapo juu ikaanza kukata klachi kila baada ya dakika chache. Niliambiwa kwamba seti ni mbovu. Karakana ya pili ilinyonya gesi yote, ikaipima, ikarudisha kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya seti, na ubaridi ukaja ndani ya robo saa. Kwa wanaobadilisha mtambo wa zamani usio na karatasi, mafundi wengi huanza na asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa na kiwanda, kisha hurekebisha kwa geji.

Sasa matokeo. Siku niliyopima, kivulini palikuwa na nyuzi 34. Kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, baada ya dakika 15, kipimajoto nilichokichomeka kwenye tundu la katikati kilisoma nyuzi 7, na baada ya nusu saa ilinibidi kupunguza feni. Kiyoyozi cha kuning'inia kina sifa ambayo watu huisahau: kwa kuwa huzungusha hewa ya ndani pekee, hupoza ile ile iliyokwisha kupoa, na kwa chumba kidogo kama cha Mustang hilo ni faida kubwa. Kasoro yake ni kwamba hewa huchakaa ndani ya safari ndefu, na mara moja moja nafungua kioo cha pembetatu kwa dakika mbili.

Kwenye foleni habari ilikuwa nyingine. Hewa ilipanda hadi nyuzi 15 na joto la injini likapanda nayo, kwa sababu kondensa mpya, pamoja na uhodari wake wote, haiwezi kupoa bila upepo, na feni ya injini ilikuwa ikivuta hewa kutoka pembeni badala ya kuipitisha kwenye kondensa na rejeta. Kava linaloizunguka feni na kuifunga na rejeta, kipande cha plastiki kisicho na teknolojia yoyote, liliishusha hewa hadi nyuzi 11 katika hali ile ile. Wauzaji wa seti hulitaja kava hilo kama nyongeza ya hiari. Kwa maoni yangu lingepaswa kuwemo ndani ya boksi, na kompresa ya bei nafuu zaidi ingetosha kufidia gharama.

Mtikisiko umepungua kiasi kwamba abiria hajui klachi inaposhika, ilhali York ilijitangaza. Injini bado hupunguza mzunguko kidogo klachi inaposhika gari likiwa limesimama, nami niliongeza mwendo wake wa kusimama kwa skrubu ya kabureta ili isizime. Kwenye mlima mkali, nikiwa na abiria watatu, nazima kiyoyozi kama watu walivyofanya tangu zamani.

Umeme ulihitaji kufikiriwa. Altaneta za magari ya umri huu hazizidi ampea 60, na feni ya evaporeta, klachi, taa na vifuta kioo vikiwashwa pamoja usiku wa mvua hutumia karibu zote injini ikiwa taratibu. Nilifunga altaneta yenye nguvu zaidi na waya mnene wa kwenda kwenye betri. Kuna wanaoniuliza kuhusu kompresa za umeme, ambazo hazihitaji mkanda na zaweza kufichwa popote. Hesabu yake ni rahisi: kompresa ya wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 125, mara mbili ya kile ambacho altaneta ya awali ingetoa ikiwa haina kazi nyingine. Kwa gari dogo ambalo injini yake haina nafasi ya puli ya ziada, na ambalo mwenyewe yuko tayari kujenga upya mfumo wote wa umeme, naona mantiki yake. Kwa V8 yenye nafasi na puli tayari, sioni.

Kompresa ya York sikuiuza. Niliimiminia mafuta mapya, nikaziba matundu yake, nikaifunga kwa kitambaa na kuiweka rafuni pamoja na kondensa, breketi na evaporeta ya zamani, kila kimoja na lebo yake. Waendesha magari ya porini huitafuta sana kompresa hiyo ili waigeuze pampu ya kujazia upepo wa matairi, kwa kuwa ina karteri yake ya mafuta na haitegemei mafuta yanayozunguka na gesi, na zaidi ya mmoja ameniomba. Nimekataa, kwa kuwa atakayelinunua gari hili siku moja huenda akataka kulirejesha lilivyokuwa, na kazi hiyo itamchukua siku mbili na seti ya spana, bila tundu hata moja la kuziba.

Kasoro moja bado sijaitatua. Mpira wa kutolea maji ya evaporeta uliokuja na seti ni mwembamba kuliko tundu la awali la sakafuni, na ninapokata kona kali baada ya safari ndefu, matone ya baridi humdondokea abiria kwenye kiatu cha kushoto. Nimeagiza mpira mnene zaidi.